Shingo ya Katikati

Ipole, Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwangaluka kama barua imekukuta asubuhi. Kama jua limeshapanda, pokea salamu hiyohiyo, maana karatasi haijui saa. Mgongo uliokuwa unakusumbua wakati unaondoka umetulia? Sukari na chumvi vimefika? Na nyuki je, wamekubali mwaka huu, au mizinga ya upande wa mtoni imehamwa tena? Wasalimie wenzako wote wa dago, kambi nzima ya warina asali, mmoja mmoja, hasa yule anayekoroma. Mama anasema asilale karibu na mizinga, atawafukuza nyuki.

Sisi huku ni wazima. Mama hajambo, magoti yake ndiyo yaleyale. Mimi sijambo, cherehani yangu nayo haijambo ingawa imepata likizo ndefu, na wateja wangu wawili wameninunia kwa sababu ya magauni ambayo hayajakatwa. Wasiwasi wetu wote ni wewe, mtu wa umri wako kusukuma baiskeli yenye madumu ya asali kwenye njia za tembo. Lakini leo sikuandikii kukulalamikia baiskeli.

Baba, nina habari. Mama ameniagiza nianzie mwanzo nisirukeruke, kwa sababu ananijua, nikiwa na habari nzuri huwa naanza na mkia. Kwa hiyo tafuta mahali ukae, wape wenzako kazi ya kufanya, usome mpaka mwisho bila kusimama.

Siku unaondoka ulituagiza kwamba wanunuzi wa chuma chakavu wakija tuwape Landrova waikate, usiikute ukirudi. Ulisema hivyo huku unafunga madumu, umetupa mgongo. Mama aliitikia. Mimi sikuitikia, ila hukugeuka kuniangalia. Ile Landrova imekaa nyuma ya bani la kukaushia tumbaku tangu Bibi alipofariki, kuku wametagia ndani yake, na wewe kila ukipita pale unatazama upande mwingine. Nilijua kwamba hutaki kuuza chuma. Unataka tu isiwepo.

Niruhusu niyarudie unayoyajua, maana bila hayo habari yangu haina pa kusimama. Asubuhi ile Bibi alipozidiwa, ulimpakia ukaondoka mbio kwenda hospitali Sikonge bila kupima oili. Ulilisema hilo mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Katikati ya pori injini ikaanza kugonga, ikakaza, ikasimama. Ulisema pia kwamba taa nyekundu ya oili haikuwaka hata mara moja, lakini hilo hakuna aliyelisikiliza. Bibi akafia mikononi mwako kabla halijatokea lori la tumbaku, na lori lile ndilo lililoivuta Landrova mpaka nyumbani. Tulipotoka kuzika, Baba mdogo Festo, mdogo wako wa tumbo moja, fundi wa karakana ya reli kule Tabora, alifungua boneti mbele ya waombolezaji wote akachomoa stiki ya kupimia oili. Ikatoka kavu. Akaiinua juu watu waione, akasema kwamba umemuua mama yenu kwa ubahili wa oili. Wewe hukujibu neno. Toka siku ile hamjasalimiana, walimwengu wakakubandika jina la Mzee Kavu, na hujashika tena usukani wa gari lolote. Mimi siku ile nilikuwa pembeni yenu nimeshika sinia la chai, na mpaka leo sijui ni nini kilichonizuia nisimmwagie.

Basi ulipoondoka na baiskeli yako nikasema moyoni kwamba hiyo gari haikatwi. Niliamini kwamba ikinguruma tena, na wewe utanyanyua kichwa. Nikadhani kazi yenyewe ni kama kushona: unafumua, unatoa kilichochanika, unatia kipya. Nilifumua vizuri sana. Nikapanda basi nikaenda Tabora mjini kwa Awadhi, yule muuza spea ambaye mababu zake waliingia na misafara wakakinai safari, nikamwambia nataka ringi za pistoni na biringi za Landrova. Akaniuliza saizi. Nikamwambia anipe za kawaida. Akacheka kistaarabu, kama wanavyocheka watu wa mjini wenye adabu zao, akaniuliza kama mimi huwa namshonea mtu gauni bila kumpima. Akanieleza kwamba injini ikitembea inaliwa, nayo hailiwi sawasawa, kwa hiyo lazima ipimwe kwanza ndipo ijulikane inataka nini, na kwamba mtu mwenye vipimo vya kuaminika anayeweza kuja mpaka nyumbani ni mmoja tu. Akamtaja Baba mdogo Festo.

Nilikaa kwenye benchi la duka lake mpaka akaniletea kahawa. Halafu nikaenda.

Baba, usikasirike. Nilipiga hodi, nikapiga goti nikamwambia shikamoo Baba mdogo. Alichelewa kuitikia, nikadhani amenikataa. Kumbe ni muda mrefu hajaitwa jina hilo na mtu wa nyumba yetu. Nilipomweleza shida yangu uso ukabadilika, akasema hawezi kuigusa gari iliyomuua mama yake. Nikanyanyuka kuondoka. Ndipo akaniita, akasema atakuja kwa sharti moja: haji kufufua gari, anakuja kupima, ili vipimo viseme mbele yangu ni nani aliyemuua Bibi, na vitakavyosema nikuandikie bila kupunguza. Damu ilinichemka. Nikamwambia na mimi nina sharti langu. Vipimo vikisema vingine, maneno yake atayaondoa mahali palepale alipoyaweka, mbele za watu walewale. Akakubali haraka haraka, kama mtu anayejua kwamba siku hiyo haitafika.

Mama alimpokea kwa uji, akarudi jikoni. Usiku wa kwanza nililala vibaya, nikijiuliza itakuwaje kama vipimo vitakuelemea wewe na mimi ndiye niliyemleta mpimaji. Ningekuandikia nini? Na ahadi ni ahadi.

Baba mdogo akanifundisha kushika maikromita, kile kipimo cha unene wa chuma. Mimi niliyepima viuno vya wanawake wa Ipole nzima nilijiona mtaalamu tayari. Nikachukua ile geji ya kupimia ndani, nikaitia kwenye silinda ya kwanza, juu kabisa mdomoni, nikasoma, nikapiga kigelegele. Kipimo kilikuwa kilekile cha kwenye kitabu, kana kwamba injini imetoka kiwandani jana. Nikamwambia Mama, Mama akamwambia jirani, na kabla ya chakula cha mchana nusu ya Ipole ilikwishajua kwamba injini ya Mzee Tobias haijaliwa hata kidogo. Baba mdogo alinisubiri nimalize matangazo, ndipo akaniambia kwamba pale nilipopima ringi haifiki. Pale juu hakuna kinachosugua, kwa hiyo hata injini iliyokufa mara tatu pale bado ni mpya. Akanishika kidole akakipandisha kwenye ukuta wa silinda, kutoka chini kwenda juu, mpaka ukucha ukakwama kwenye ukingo mwembamba. Ukingo ule ndipo safari ya ringi inapoishia, na uchakavu uko chini yake. Ilibidi nirudi kwa jirani kuzifuta habari zangu.

Kuanzia hapo tukapima kwa utaratibu. Chini kidogo ya ukingo, kisha katikati, kisha chini kabisa, na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake, kwa sababu pistoni hulalia upande mmoja na silinda inakuwa na umbo la yai. Na ilikuwa lazima iwe asubuhi, kabla jua halijapata bati. Hilo nililibishia. Nikapima mchana kwa ukaidi, nikapima tena asubuhi, namba zikakataa kufanana, nikamshutumu kwamba maikromita yake ni mbovu. Akasema chuma kikipata joto kinatanuka, na mpimaji akiwa na hasira anabana kupita kiasi. Kwa upande wa hasira alikuwa sahihi.

Silinda zikatupa furaha ya kwanza. Zimeliwa, lakini zimeliwa kiungwana, zote nne kwa kiasi kilekile, uchakavu wa gari lililofanya kazi na kutunzwa. Hakuna mkwaruzo wa ukavu ukutani. Baba mdogo mwenyewe alisema hazihitaji hata kuchongwa, zinataka ringi mpya tu. Alisema hivyo kwa shingo upande. Nikamuuliza kama injini isiyo na oili huwa na silinda safi namna ile. Akasema tusubiri krenki, kile chuma kirefu kinachozungushwa na pistoni.

Alikuwa na sababu ya kusema tusubiri. Tulipoifungua kwa chini tulikuta sampu, lile bakuli la oili, lina ufa, na chuma cha kandoni kimebonyea kwa ndani. Hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Mimi nikasema ni kisiki, lori lilipokuwa linaivuta gari porini. Oili ilimwagika injini ikiwa imeshakufa, ndiyo maana stiki ilitoka kavu. Yeye akasema kisiki ulikigonga wewe kwa mwendo wako wa mbio, oili ikamwagika huku unaendesha, na taa iliwaka ila hukuitazama. Ufa hauna tarehe, Baba, kila mmoja angeweza kuutumia anavyotaka. Tulibishana mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko, akatuuliza kama tumeajiriwa kupiga kelele. Baba mdogo akashusha sauti, akasema krenki itaamua. Oili ikiisha yote, injini inakauka yote, kwa hiyo shingo zote za krenki lazima ziwe zimeliwa. Kama zote zimeliwa, Tobias ana kosa. Nikasema haya.

Krenki unaijua kuliko mimi, lakini niache nijidai kidogo. Ina shingo tatu kubwa zinazoishikilia kwenye injini, na shingo nne zinazoshika fimbo za pistoni, na zote zinazunguka juu ya oili, bila oili zinasagika. Tuliiosha kwa mafuta ya taa, tukaiacha ilale ndani ya nyumba ipoe, tukapima asubuhi Mama akiwa amekaa kwenye kigoda anatutazama.

Baba mdogo akapima shingo ya mbele. Akafuta miwani, akapima tena. Akanipa mimi nipime. Ilipungua thau moja, wala haikufika vizuri, na thau ni sehemu moja ya elfu ya inchi, kitu ambacho hata uzi wangu mwembamba kuliko wote unakizidi. Akaenda kwenye shingo ya nyuma. Hivyohivyo. Ningeweza kucheza ngoma palepale, lakini nilijizuia kwa sababu shingo kubwa moja ilikuwa bado. Akapima ya katikati. Ile haikuhitaji hata kipimo, ilikuwa imeliwa, imechubuka, imekuwa yai. Na zile shingo nne za pistoni, mbili za pembeni zilikuwa nzima, mbili za ndani zimekwisha. Akanieleza kwa sauti ambayo Mama alilazimika kuinama aisikie. Zile mbili za ndani zinanywa oili kutoka shingo ya katikati. Kwa hiyo ni mahali pamoja tu palipokauka. Kwingine kote oili ilikuwepo, tena kwa nguvu yake yote, mpaka dakika injini iliposimama. Na kwa kuwa nguvu ilikuwepo, taa nyekundu isingeweza kuwaka, na sampu ilipasuka baadaye, gari ikivutwa.

Taa haikuwaka, Baba. Ulisema kweli siku ile, na wote tulikuwa tunalia tukakuacha peke yako na ukweli wako. Mama alijifunika uso na khanga. Mimi nilimwambia Baba mdogo alirudie lile la taa, akalirudia, nikamwambia alirudie tena.

Sasa lilibaki swali kwa nini pale katikati pamekauka. Baba mdogo alisema oili ilizibiwa njiani. Akanyoosha spoki ya baiskeli, akaipitisha kwenye tundu linalopeleka oili shingo ya katikati, ikagota. Akaisokota taratibu akaivuta. Kikatoka kidonge cheusi cha kitambaa, kimekazana kama gunzi. Nikakichukua kwenda kukiosha, nikakifungua kwa sindano, na hapo kazi yangu ya ushonaji ikanisaidia, kwa sababu rangi ilipoanza kurudi niliona ni kitambaa kizito cha drili ya buluu, na pembeni ina mshono wa mistari miwili wa uzi mweupe, ule wa mfukoni. Nguo ya namna ile kwenye ukoo wetu iliwahi kuvaliwa na mtu mmoja tu. Ni ovaroli ya reli.

Nilirudi nikamwekea kwenye kiganja. Alikigeuza upande wa mshono. Halafu akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima yule, na suruali yake ya heshima.

Utakumbuka kwamba mwaka mmoja kabla ya msiba yeye ndiye aliyeifungua injini ile, hapahapa uani, mwezi wa upepo, vumbi linaruka. Alitusimulia mwenyewe. Ili vumbi lisiingie kwenye matundu ya oili alichana mfuko wa ovaroli yake kuukuu, akasugua vipande na nta, akaziba navyo, kama sisi wote tunavyoziba nyufa za mizinga. Karakana ya reli hawafanyi hivyo, huo ni ufundi wa nyumbani kwetu. Nta yenyewe alipewa na Bibi. Wakati wa kufunga alivitoa vyote, ila kimoja kilikuwa kimezama ndani, hakukiona. Nta ikayeyuka kwa joto kidogo kidogo, kitambaa kikabaki kinasukumwa na oili, kikasogea na kusogea, mpaka siku ile kilipofika kwenye tundu la katikati kikakaza. Ungepima oili asubuhi ile, ungeikuta imejaa, na injini ingekufa palepale ilipofia.

Huenda ulitegemea niandike kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia, Baba, si siku ile. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikatoka nje nikazunguka nyumba, kwa sababu miaka yote hii nimekuona unakula ukiwa umeinamisha kichwa, na sasa nilikuwa na krenki nzima ya kuonyesha kwamba huna kosa. Niliporudi nilimkuta Baba mdogo hayupo. Mama akaninyooshea kidole upande wa kaburi la Bibi, akaniambia nimwache.

Aliporudi alisema haondoki mpaka gari ingurume. Na hakuondoka. Alibeba krenki mwenyewe kwenda Tabora ikachongwe upya, akasimama juu ya mchongaji mpaka yule mtu akachoka naye. Awadhi akatupa ringi na biringi za saizi yake, akaniuliza safari hii kama nimepima, nikamwaga namba zote bila kusoma popote, akanitolea kahawa kwa heshima nyingine kabisa. Tulipokuwa tunafunga, ilibidi tupime nafasi kati ya shingo na biringi mpya, pale ambapo hakuna kifaa kinachoingia. Baba mdogo alisema zamani walikuwa na uzi maalumu wa kubanwa, siku hizi haupatikani dukani. Nikamwambia nta itafaa. Alikataa kuishika. Mikono aliiweka nyuma, kabisa. Basi nikaishika mimi, nikaisokota juu ya kioo mpaka ikawa uzi sawasawa, tukaulaza kwenye shingo asubuhi ya baridi, tukakaza, tukafungua, tukatazama umebonyea upana gani, tukalinganisha na uzi mwingine tuliobana kwenye vioo viwili vyenye kibati cha unene tunaoujua. Shingo zote zikajibu vizuri. Ya katikati tuliipima tena na tena, si kwa sababu ya shaka. Halafu nta nikaisafisha, tundu moja baada ya jingine, na kila tundu yeye akapitisha spoki nami nikapuliza kwa mdomo wangu mwenyewe mpaka nikasikia pumzi inatokea upande wa pili.

Leo ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada Baba mdogo aliomba watu wasitawanyike, akawaleta uani kwetu, wale wote waliokuwepo siku ya msiba ambao bado wako hai, na wengine waliofuata pilau. Alisimama palepale aliposimama siku ile. Kitambaa kilikuwa kwenye sahani nyeupe ya Mama. Akakiinua. Akasema kwamba siku ile aliinua stiki kavu akasema neno, na leo amekuja kulichukua neno lake, kwa sababu halikuwa la Tobias, lilikuwa la kwake. Alieleza yote, shingo kwa shingo, hakujificha hata kidogo, na alipofika kwenye nta aliyopewa na Bibi alivua miwani, mzee wa kanisa akamshika bega. Hapo, Baba, ndipo huruma ilipoanza kuniingia. Aliyeanzisha lile jina la Mzee Kavu, unamjua, alikuwa amejificha nyuma ya wengine. Mama alimwita mbele kwa jina lake kamili akamuuliza kama amesikia vizuri. Akasema amesikia. Toka mchana huu sijasikia mtu akilitamka jina lile, na atakayelitamka nitamshonea suruali isiyo na pa kutokea mguu.

Kisha Baba mdogo akapiga stata. Ilikataa mara ya kwanza, nikafa moyo. Ya pili ikakohoa moshi. Ya tatu ikashika, ikanguruma, ikatulia, sauti yake ileile ya zamani tuliyokuwa tunaisikia tukiwa watoto tunakimbilia barabarani kukupokea. Watu walipiga vigelegele, kuku wakahama rasmi. Wanunuzi wa chuma chakavu waliokuwa wamefika tangu asubuhi waligeuza lori lao bila kuaga.

Sasa nimefika kwenye mkia wenyewe. Barua hii haikuja na baiskeli ya Idrisa, mpeleka barua wenu, kutoka Ipole. Idrisa amepanda Landrova, baiskeli yake ikiwa nyuma, na anayeendesha ni Baba mdogo. Wakati unasoma hapa gari imesimama pale kwenye kivuko, njia ya magari inapoishia, na mdogo wako amekaa ndani yake. Hakuthubutu kuja mpaka dago. Alisema hana haki ya kukutokea kama mgeni wa kawaida, kwamba wewe ndiye utakayeamua. Kwa hiyo amezima injini, amechomoa ufunguo, akampa Idrisa aulete pamoja na barua hii. Ushike, ndio huo uliofungwa kwenye kipande cha kitenge.

Kama hutaki kumwona, mrudishie Idrisa ufunguo aupeleke. Baba mdogo atageuza gari arudi, na ameniapia kwamba hatakulaumu wala hatakuomba mara ya pili. Lakini kama unaweza kumwona, basi usimpe Idrisa kitu. Hawezi kuondoka pale bila wewe.

Mimi uamuzi wako nitaupokea vyovyote utakavyokuwa, ila ujue hapa nyumbani hakuna tena anayekudai jibu la siku ile. Nakutakia safari njema kama ni safari, na mavuno mema kama ni mavuno. Mungu akulinde na tembo.

Mama naye amenisimamia hapa mezani, anataka niongeze salamu zake za mwisho kwa maneno yake mwenyewe. Anasema maharage yako jikoni, na kwamba Festo akirudi nawe, akae upande wa abiria.

Ni mimi binti yako,
Recheli